Programu ya Kuhariri Video na Sauti: Anza na Kompyuta Uliyonayo

Kabla hujamuuliza mtu programu gani ya kuhariri video ni nzuri, washa kompyuta yako. Kama ni ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua ukurasa unaoonyesha jinsi mashine inavyofanya kazi. Andika mambo matatu: RAM ni gigabaiti ngapi, prosesa ni ya aina gani, na kama kuna kadi ya grafiki inayojitegemea au ni ile iliyomo ndani ya prosesa. Majibu hayo yatakupunguzia nusu ya programu unazosikia zikisifiwa. Afadhali uzipunguze leo kuliko kuja kugundua baada ya kumaliza bando kupakua kitu ambacho mashine yako haikiwezi.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi wetu tunaotengeneza video kwa mapenzi tu, iwe ni mapishi, mechi za mtaani, kwaya, maulidi au safari ya kijijini, tunatumia kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, zile zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Ni mashine imara, ila nyingi zilitengenezwa kwa kazi za ofisini: RAM ya GB 4 au 8, na hazina kadi ya grafiki ya kujitegemea. Simu tunazorekodia, kwa upande mwingine, mara nyingi ni mpya kuliko kompyuta hizo kwa miaka mingi. Shida huanzia hapo.

Simu nyingi za siku hizi zinaweza kurekodi kwa kodeki, yaani njia ya kubana video, ya H.265, iliyokamilishwa mwaka 2013 ili kubana video zaidi kuliko ile ya zamani, H.264. Kodeki hizi hazihifadhi kila fremu nzimanzima. Huhifadhi fremu moja kamili, halafu kwa zile zinazofuata huandika kilichobadilika tu. Kwa mtazamaji hilo halina tatizo, maana video inakwenda mbele moja kwa moja. Kwa mhariri ni kazi nzito: kila unapobofya katikati ya klipu, kompyuta hulazimika kurudi nyuma hadi kwenye fremu kamili iliyo karibu na kuzijenga upya nyingine zote mpaka ifike pale ulipobofya. Ukirudia hivyo mara mia kwa saa, unapata ile hali watu wanayoiita "kompyuta inakwama", na lawama zote huangukia programu.

Kwa hiyo, mwenye kompyuta ya kawaida atafute kwanza programu yenye proksi. Programu ya namna hiyo hutengeneza nakala nyepesi ya kila klipu, wewe unakata na kupanga kwa kutumia nakala hizo, na wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, programu hurudi yenyewe kwenye faili halisi. Ubora haupungui hata chembe. Shotcut, Kdenlive na DaVinci Resolve zote zina proksi, na zote zinapatikana bila malipo.

Programu zenyewe

Mwenye GB 8 na asiye na kadi ya grafiki namshauri aanze na Shotcut au Kdenlive. Ni programu huria, haziweki nembo yao juu ya video yako, na zinafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Kwa ndani ni ndugu: zote zimejengwa juu ya injini moja iitwayo MLT, na Dan Dennedy anayeitunza Shotcut ni mmoja wa waanzilishi wa injini hiyo. Waliotengeneza Shotcut wanapendekeza GB 8 kwa video za HD na GB 16 kwa video za 4K, na ushauri huo ni wa kuufuata.

Tofauti yao utaiona ukianza kazi. Shotcut inafunguka ikiwa karibu tupu. Unaburuta klipu, unaikata, unaongeza vichujio kimoja kimoja, na siku hiyohiyo umetoa video. Upande wa maandishi yanayotembea inachosha kidogo. Kdenlive, iliyoanza mwaka 2002 na kulelewa na jumuiya ya KDE, inampa mhariri sehemu nzuri ya kupanga klipu katika folda, kuziwekea alama na kuzikata kabla hazijafika kwenye taimlaini, ule mstari wa kupangia video. Mwenye video moja fupi kwa wiki anatosheka na Shotcut. Mwenye klipu mia mbili za harusi ya dada yake, zilizorekodiwa na simu tatu tofauti, atanishukuru nikimwelekeza Kdenlive.

DaVinci Resolve ni ya daraja jingine. Kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliinunua da Vinci Systems mwaka 2009. Wakati huo mitambo ya da Vinci ilijulikana kwa kurekebisha rangi za filamu na ilikuwa ghali mno, lakini leo toleo la bure linampa mtu wa kawaida uwezo huo wa rangi, linatoa video hadi 3840 kwa 2160 kwa fremu 60, na haliachi nembo. Toleo la kulipia, Studio, ni dola 295 unazolipa mara moja. Tatizo ni uzito wake. Blackmagic wenyewe wanataka RAM ya GB 16, au 32 ukitumia sehemu ya Fusion ya kutengeneza vionjo vya picha, pamoja na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya kutosha. Kwenye kompyuta ya GB 8 inaweza kufunguka, hata ukakata klipu mbili tatu, kisha ikafunga ghafla ukiweka maandishi. Mtu aliyeanza kujifunza kwa namna hiyo huamini kwamba kuhariri ni kugumu, akaacha, kumbe kilichomshinda ni RAM. Kama mashine yako inatosha, ichague bila wasiwasi, ila kabla ya kuingiza klipu ya kwanza hakikisha mradi umeuwekea idadi ya fremu kwa sekunde inayolingana na video zako. Ukishaanza, Resolve haitakuruhusu kuibadilisha.

Wenye Mac wana iMovie bila malipo. Mipaka yake utaikuta mapema, kwani ina njia kuu moja ya video na nyingine moja tu ya kuweka juu yake, lakini kwa mapishi na safari inatosha kwa muda mrefu. Wakiizidi, kuna Final Cut Pro, ambayo unaweza kuinunua mara moja kwa karibu dola 300.

Adobe Premiere Pro ni programu nzuri ambayo simshauri mtu wa mapenzi tu ainunue. Tangu mwaka 2013 Adobe waligeukia malipo ya usajili. Mwenye studio hurudisha pesa hiyo kwa wateja wake, lakini anayetoa video mbili kwa mwezi atakuwa analipia hata miezi aliyosafiri au kuugua, na siku akisitisha malipo hawezi tena kuifungua programu aendelee na miradi yake ya nyuma. Kama una mpango wa kwenda kuajiriwa kwenye kituo cha televisheni, hapo sawa, ijifunze.

Kuhusu simu nitasema kwa kifupi. CapCut ya ByteDance na VN zinafaa sana kwa video fupi zisizozidi dakika mbili tatu, hasa zile za kusimama wima. KineMaster ni nzuri pia, lakini toleo la bure linaacha nembo yake kwenye video. Kwa CapCut jihadhari na jambo moja: vitu vilivyokuwa bure vimekuwa vikihamishiwa upande wa kulipia, na unaweza kufika mwisho wa kazi ndipo uambiwe kionjo ulichotumia kinahitaji malipo. Angalia kama kina alama ya kulipia kabla hujakiweka.

Jaribu kwa video zako mwenyewe

Usijaribu programu kwa video nzuri ya mfano uliyoipakua. Chukua dakika moja ya video uliyorekodi mwenyewe, tena ile ngumu: ya usiku, yenye watu wengi na kelele. Fanya nayo mambo yaleyale kwenye kila programu unayoifikiria. Ikate mara kumi. Weka klipu ya pili juu yake, sauti ya chini ikiendelea. Andika jina la mtu chini ya skrini. Punguza muziki pale anapozungumza. Kisha irende kwa 1080p.

Katika kufanya hivyo utazame vitu viwili. Cha kwanza ni kama unapobonyeza kitufe cha kucheza, video inatiririka au inarukaruka. Ikirukaruka washa proksi, na ikiendelea hata baada ya hapo, programu hiyo si ya mashine yako. Cha pili ni muda wa kurenda. Dakika moja ikichukua dakika sita, video ya dakika kumi itachukua saa nzima, na katika saa nzima umeme unaweza kukatika. Betri ya kompyuta iliyotumika mara nyingi haitafika. Mtu wa Dar es Salaam au Goma anapaswa kuuhesabu muda wa kurenda kama sehemu ya bei ya programu.

Ukirenda, angalia na ukubwa wa faili. YouTube wanapendekeza kasi ya megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080p yenye fremu 30. Ukipiga hesabu, hiyo ni takriban MB 60 kwa dakika, kwa hiyo video ya dakika kumi ni kama MB 600 za kupandisha kwa bando lako. Programu inayokuruhusu kuandika mwenyewe kasi hiyo inakuokolea pesa kila wiki. Inayokupa maneno matatu tu, "chini, wastani, juu", inakuficha hesabu.

Sauti

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza. Sauti isiyosikika vizuri haivumilii, anahama. Ajabu ni kwamba wengi huchagua programu kwa kuangalia vionjo vya picha tu, wala hawaulizi itawasaidia vipi siku feni ya darini itakapounguruma juu ya maneno ya bibi anayesimulia.

Kama unazungumza moja kwa moja mbele ya kamera na video zako ni fupi, vifaa vya sauti vilivyomo ndani ya Shotcut au Kdenlive vinatosha. Ukianza kurekodi mahojiano marefu, masimulizi ya pembeni, au sauti kwa kifaa kingine, ongeza programu ya sauti. Mtumiaji wa DaVinci hana haja hiyo, kwa sababu ukurasa wake wa Fairlight ni studio nzima ya sauti. Fairlight ilikuwa kampuni ya Australia iliyokuwa maarufu kwa mitambo ya muziki tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na Blackmagic waliinunua mwaka 2016.

Kwa wengine, Audacity. Ilianzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwaka 1999, na mpaka leo ni bure na nyepesi hata kwa kompyuta ya GB 4. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022 unaweza kusikiliza athari za sauti papo kwa papo na kuzibadilisha baadaye, jambo lililokuwa likiwasumbua watumiaji wake wa zamani. Ili ifungue sauti moja kwa moja kutoka kwenye faili ya MP4, huenda ukahitaji kuiongezea maktaba ya FFmpeg. Anayetaka zaidi ya hapo, kwa mfano anayerekodi kwaya kwa maiki nne, atazame Reaper. Unaijaribu kwa siku 60 ikiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Nitaeleza kazi yenyewe, kwa sababu ukiijua utajua unachotafuta kwenye programu. Unaporekodi, kaa kimya sekunde tano kabla ya mtu kuanza kuzungumza. Sekunde hizo zina feni, friji na barabara peke yake, bila neno lolote. Maliza kwanza kukata video yote, ndipo utoe sauti yake kuanzia sekunde ya sifuri kama WAV ya kHz 48, kiwango kinachotumika kwenye video. Ifungue ndani ya Audacity, chagua zile sekunde za ukimya na uiambie programu ichukue sampuli ya kelele. Kisha chagua sauti nzima na uipunguze kelele kwa dB 6. Sikiliza. Kama bado feni inasikika, jaribu 9, kisha 12. Ukizidisha, mtu atasikika kama anazungumza kutoka ndani ya bomba, na feni ilikuwa afadhali. Baada ya hapo kata mngurumo wote ulio chini ya Hz 80, kwa sababu sauti ya kawaida ya mtu haina kitu cha maana huko, bana sauti kwa kompresa ili minong'ono na vicheko vikaribiane, na mwisho pima ukubwa wa jumla.

Upimaji huo ndio unaotofautisha programu ya kweli na ya mchezo. Tafuta programu inayopima kwa LUFS, kipimo kinachofuata jinsi sikio la binadamu linavyosikia. YouTube hushusha video zinazozidi kama LUFS -14, lakini iliyo chini ya hapo huiacha ilivyo. Ukipandisha video yenye sauti ya chini sana, mtazamaji atalazimika kuongeza sauti ya simu yake, kisha tangazo linalofuata limpigie kelele masikioni. Audacity, Fairlight na Shotcut zote zinaweza kupima na kurekebisha kwa kipimo hicho.

Ukirekodi sauti kwa simu ya pili iliyo mfukoni mwa mzungumzaji, njia nzuri na isiyo na gharama, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni. Kdenlive, Shotcut na Resolve zote zinaweza kulinganisha sauti mbili zenyewe kwa kufuata mawimbi yake. iMovie utalinganisha kwa jicho, na kofi hilo ndilo litakaloonekana.

Kuna tatizo moja ambalo watu huliita ugonjwa wa midomo: video inaanza vizuri, lakini ifikapo dakika ya nane mtu anafungua mdomo na neno linafika baadaye. Mara nyingi programu haina kosa. Simu hubadilisha idadi ya fremu inaporekodi. Penye giza huzipunguza ili kila fremu ipate mwanga zaidi, halafu nje inazirudisha. Programu inayodhani fremu ni 30 daima hupotea njiani. Shotcut na Kdenlive hulitambua jambo hili na kukuuliza kama unataka klipu igeuzwe kuwa rahisi kuhariri, kubali. Kama programu yako haiulizi, pitisha klipu kwanza kwenye HandBrake, ambayo ni bure, na uchague idadi ya fremu isiyobadilika.

Maandishi ya chini ya skrini nayo yamekuwa rahisi. Kdenlive inaweza kutumia Whisper, mfumo wa kutambua maneno uliotolewa na OpenAI mwaka 2022, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Ukishapakua modeli yake, unafanya kazi bila intaneti. Majina ya watu na maneno ya mtaani itayakosea, kwa hiyo pitia kila mstari, lakini kusahihisha ni haraka kuliko kuandika upya. Kwa mzee asiyesikia vizuri, na kwa yule anayetazama ndani ya daladala bila spika za masikioni, maandishi hayo ndiyo video yenyewe.

Programu zilizovunjwa kufuli

Fundi atakuambia anaweza kukuwekea Premiere "iliyokrakiwa" kwa bei ya soda. Mkatalie. Mara nyingi hatua ya kwanza ya kuiweka ni kuzima kinga ya virusi, na hapo unaifungulia programu isiyojulikana ilikotoka kompyuta ileile yenye barua pepe na nywila zako. Anayeiba nywila anaweza kuchukua chaneli yako yote. Isitoshe, programu hiyo haiwezi kusasishwa, na hakuna wa kumuuliza ikiharibika. Miaka ishirini iliyopita mtu angeweza kudai hakuna njia nyingine. Leo Resolve, Kdenlive na Shotcut zipo, na zipakue kwenye tovuti za wenyewe tu.

Ukishachagua, tengeneza folda moja kwa kila video, uweke humo klipu, sauti, muziki na faili ya mradi, kabla hujaanza kukata. Faili za mradi za Shotcut na Kdenlive ni maandishi ya XML, zinafunguka hata kwa programu ya kawaida ya kuandikia, na klipu ikihama folda unaweza kuielekeza upya. Mradi wa CapCut haufunguki kwenye Kdenlive wala Resolve, kwa hiyo usiufute kwenye simu kabla hujatoa video kwa ubora wa juu kabisa. Kazi unayoijali, kama masimulizi ya wazazi au harusi ya ndugu, itoe mara mbili: moja iliyokamilika ya kuwapa watu, na nyingine isiyo na maandishi wala muziki, na sauti yake safi pembeni kama WAV. Nakala hiyo ya pili utaweza kuihariri tena kwenye programu yoyote utakayohamia, hata baada ya miaka kumi.